Matusi ya kibaguzi kwenye gemu na Discord: mnazuiaje bila kuua utani?

Golikipa_wa_Lobi

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni kwa wanaosimamia jamii za gemu, hasa wenye uzoefu wa Discord (programu ya makundi ya chati na sauti) na WhatsApp.

Tuna sava ya Discord ya wachezaji wa Dar, wengi wao wa PUBG Mobile, Free Fire na eFootball, pamoja na magrupu mawili ya WhatsApp ya kupangia mechi. Kila mwezi kuna kashindano kadogo, kiingilio buku mbili kwa simu, fainali tunakutana Sinza. Ubaguzi umeanza kutuharibia. Tukiingia sava ya Mashariki ya Kati vijana wanaitwa watumwa na nyani, kwa maiki na kwa chati. Hilo la nje. La ndani ndilo gumu zaidi: wachezaji wa Upanga wenye asili ya Kihindi wakishinda wanaambiwa warudi kwao, makabila fulani yanachambwa kila siku, dada akifungua maiki anatolewa kwenye skwadi, na kuna mshiriki mwenye ualbino ambaye kila akifunga goli linatupwa lile neno la kizamani pamoja na vichekesho vya waganga.

Tuliweka orodha ya maneno ya marufuku, ikaishia kuzuia watu wanaoandika "pesa imetumwa". Tukibani mtu, kesho yumo ndani kwa jina jingine. Tukikemea, tunaambiwa tunaua utani. Naomba hatua za kufanya, mawaidha ninayo ya kutosha. Nawasilisha.

---

mods_wa_zamu

Mkuu, orodha yenu imeharibiwa na alama ya nyota (*). Kwenye AutoMod, kichujio cha Discord kinachojiendesha chenyewe (Server Settings, kisha Safety Setup, kisha AutoMod) neno likiandikwa bila nyota linakamatwa pale tu linaposimama peke yake. Ukiliwekea nyota pande zote mbili linakamatwa popote lilipo, hata katikati ya neno jingine. Sasa Kiswahili chetu ni cha viambishi. `*tumwa*` inazoa imetumwa, ametumwa, nimetumwa. `*mbwa*` inazoa kuombwa na kuimbwa. `*kima*` ndiyo balaa kabisa, maana inafungia "mechi za kimataifa" na "kima cha chini" kwa pamoja.

Andika maumbo yenyewe moja moja, bila nyota: nyani, manyani, kinyani, jinyani, vinyani, mtumwa, watumwa, na kadhalika. Ni kazi ya kuchosha ila nafasi ipo tele. Unaruhusiwa kanuni 6 za maneno yako mwenyewe, kila kanuni maneno 1,000, neno lisizidi herufi 60. Ile orodha ya matusi inayokuja na Discord iwashe, lakini usitegemee ijue Kiswahili cha mtaani.

Usirundike yote kwenye kanuni moja. Kanuni ya kwanza iwe ya maneno yasiyo na matumizi mengine humo zaidi ya kumdhalilisha mtu, kama lile neno la kizamani la watu wenye ualbino. Hapo weka kuzuia ujumbe, kutuma taarifa kwenye chaneli ya mods, na kumfunga mdomo mtumaji kwa muda. Kanuni ya pili iwe ya maneno yenye sura mbili: nyani, kima, mtumwa, "rudi kwenu". Hapo USIZUIE, tuma taarifa tu, binadamu asome. Mtu anaweza kuwa anazungumzia nyani wa Mikumi, au historia ya soko la watumwa Zanzibar, na Mkenya anaweza kuwa anataja Manyani, ambayo ni sehemu iliyo kwenye barabara ya Mombasa. Ukizuia vyote hivyo, watu watachukia kichujio kuliko matusi.

Kwa wanaokwepa kwa namba na nukta (ny4ni, n.y.a.n.i) tumia rejeksi (regex), yaani fomula ya kutafuta maandishi kwa mpangilio wake. Kila kanuni inapokea 10, isizidi herufi 260. Mfano:

`(?i)\bn+[._*-]*y+[._*-]*[a4@]+[._*-]*n+[._*-]*[i1!]+`

Angalia kwamba sijaruhusu nafasi tupu katikati ya herufi, na ni kwa makusudi. Watu wa chati wanaandika "hii n ya nini", na rejeksi inayoruhusu nafasi itasoma n-ya-ni hapo na kumfungia mtu asiye na hatia. Anayeachanisha herufi kwa nafasi mwekee hivyo hivyo kama kipande chake, `n y a n i`, kwenye kanuni ya taarifa.

Wale wa sava ya Mashariki ya Kati wakiwafuata hadi Discord kwenu, kumbukeni wengi wanaandika Kiarabu kwa herufi za Kilatini na namba, ambapo 3 inashika nafasi ya herufi ayn. Orodhesha abeed, 3abeed, 3abd. "Abd" bila namba iweke kwenye kanuni ya taarifa tu, kwa sababu ni mwanzo wa majina halali ya watu.

Mambo mawili AutoMod haiyaoni: sauti, na reaksheni. Emoji ya ndizi au ya nyani chini ya picha ya mtu inapita kama maji. Ondoa ruhusa ya kuweka reaksheni kwa wageni, uwape baada ya kupata rolu ya mwanachama. Majina ya watu yana kanuni yake tofauti ndani ya AutoMod, iwasheni, maana anayezuiwa kwenye chati hukimbilia kubadili jina la wasifu.

---

Mtani_Halali

Mnakuza mambo wakuu. Bongo tumelelewa kwa utani. Mchaga anaambiwa mwizi, Mhehe anaambiwa anakula mbwa, Mzaramo mvivu, na bado wote tunakula meza moja. Leo mnataka tuweke roboti ya kusoma utani? Gemu ni sehemu ya kuchamba. Asiyeweza kuchambwa acheze Ludo.

---

Bi_Mkubwa_wa_Pwani

Kaka, umeutaja utani lakini umesahau kanuni zake. Utani wa makabila una wenyewe. Mzaramo na Msukuma au Mnyamwezi ni watani, wanajuana hivyo toka enzi za misafara. Mtani anaweza hata kufanya vituko msibani na asiguswe, kwa kuwa kesho msiba ukiwa kwake wewe nawe utafanya. Kuna pande mbili zinazojulikana, na kila mmoja ana haki ya kurudisha kwa uzito uleule.

Sasa niambie, kijana wa Upanga ana utani na nani? Akirudisha tu kwa uzito ule ule, nusu ya grupu itamrukia. Na mtu mwenye ualbino ni mtani wa kabila gani? Vichekesho vya waganga na viungo vinagusa watu waliokatwa mapanga kweli katika nchi hii, na wengine wamezikwa kwa siri ili makaburi yao yasifukuliwe. Hapo hakuna mtani.

Golikipa, wape mods wako maswali matatu ya kupimia, wayabandike juu ya chaneli yao. Hawa wawili wanafahamiana na wanarudishiana, au ni mmoja tu anayetupa? Kinacholengwa ni alichofanya (amekosa penalti, amekimbia vita, amechelewa kurivaivu) au alivyozaliwa? Aliyeambiwa akisema "basi", mwenzake anaacha au anazidisha? Jibu baya kwenye mawili kati ya hayo, ujumbe unaondoka. La tatu peke yake linatosha kuuondoa.

Fungueni chaneli moja ya kijiweni. Utopolo (Yanga) na Makolo (Simba) watukanane humo mpaka alfajiri, hakuna mtu aliyezaliwa Yanga. Haya, wapo wanaodai walizaliwa, lakini mmenielewa.

---

Mtani_Halali

Hilo la kurudisha kwa uzito uleule nakubali, bi mkubwa. Ila la roboti bado sijashawishika.

---

Skrini_Nzima

Nije kwenye ushahidi na kuripoti, maana ndipo wengi wanapokosea.

Kosa kubwa: modereta anafuta ujumbe kwanza, halafu ndiyo anataka kuripoti. Kuripoti ndani ya Discord kunaanzia kwenye ujumbe wenyewe. Ukishaufuta, huna cha kubonyeza. Kubani nako kuna mtego wake, kwa sababu dirisha la kubani linakupa chaguo la kufuta ujumbe wa mtu huyo hadi wa siku 7 nyuma, na watu huchagua bila kufikiri. Mpangilio sahihi ni huu: piga skrinshoti, nakili linki ya ujumbe, nakili ID, ripoti, ndipo ufute.

ID unaipata ukiwasha Developer Mode kwenye mipangilio, sehemu ya Advanced. Kisha ukibonyeza ujumbe au jina kwa muda, unaona chaguo la kunakili ID. Chukua ya ujumbe na ya mtumaji. Majina hubadilishwa, ID haibadiliki. Uzuri wake mwingine ni kwamba ID ya ujumbe imebeba muda ndani yake, inahesabu milisekunde kuanzia mwanzo wa mwaka 2015, kwa hiyo mtu akibisha kwamba skrinshoti ni ya mwaka juzi unaweza kumwonyesha muda halisi.

Weka daftari la matukio, hata Google Sheets inatosha. Mstari mmoja kwa tukio moja:

`14/03 | 21:07 | #mechi | ID ya ujumbe | ID ya mtumaji | maneno neno kwa neno | hatua | modereta`

Muda uandikwe kwa saa 24. Hapa kwetu mmoja anaandika "saa tatu usiku", simu inaonyesha 9:07, mwingine anajaza 3:07, na tukio moja linageuka matatu. Usitegemee kumbukumbu za Discord zenyewe pia: jarida la matendo ya mods, lile la Audit Log, linakaa siku 45 tu.

Skrinshoti usiikate kingo. Ionyeshe jina la chaneli, jina la mtumaji na tarehe kamili (Discord huandika "leo" tu hadi usogeze kishale au ubonyeze). Ukiituma kwa mwenzako kwa WhatsApp, itume kama dokumenti. Ukiituma kama picha, WhatsApp inaibana na kuondoa taarifa za faili.

Kwa gemu za simu, jambo la kwanza ni UID, ile namba iliyo kwenye wasifu wa mchezaji. PUBG Mobile na Free Fire zote zina kadi ya kubadili jina, kwa hiyo skrinshoti yenye jina pekee inaisha nguvu siku hiyo hiyo. Ripoti kwenye ukurasa wa matokeo, mechi ikiisha, kabla hujarudi lobi. Ukiulizwa aina ya kosa, chagua chuki au ubaguzi, usichague "lugha chafu". Uzito unatofautiana. Mfano ulio wazi ni wa Xbox, iliyoanzisha mfumo wa pointi mwaka 2023: lugha chafu pointi 1, unyanyasaji 2, matamshi ya chuki 3. Zikifika 8 mtu anafungiwa mwaka mzima, na kila pointi inakaa miezi 6.

Na palipo na kisanduku cha maelezo, usiache wazi. Anayesoma ripoti huenda hajui Kiswahili. Andika Kiingereza kifupi cha mistari miwili: neno lenyewe, maana yake, na kwamba limelenga rangi au ulemavu wa mtu fulani. Ripoti isemayo "he insulted me" inakosa mguu wa kusimamia.

Sauti ndiyo ngumu. Wengi wanawasha kirekodi skrini cha Android, wakisikiliza baadaye wanakuta milio ya risasi ipo ila maneno ya mtu hayapo. Simu haijaharibika. Tangu Android 10, programu inayorekodi sauti ya programu nyingine inaruhusiwa kuchukua sauti ya midia na ya gemu, lakini sauti iliyotambulishwa kama mazungumzo imezuiwa kwa faragha. Njia nyepesi ni kufungua spika ya simu na kurekodi kwa simu ya pili iliyo jirani. Kwenye kompyuta programu ya kurekodi ya OBS inachukua kila kitu. Kwenye PS5 huhitaji hata kurekodi: mfumo unashika dakika 5 za mwisho za sauti ya pati, ukiripoti unachagua kipande kisichozidi sekunde 40. Xbox unahifadhi sekunde 60 halafu una saa 24 za kuamua kama utaripoti. Fundisheni watu hilo mapema, kwa sababu dakika 5 zinapita wakati mtu bado anabishana.

Kuna gemu zinazosikiliza zenyewe. Call of Duty ilianza na ToxMod, programu ya kuchunguza maongezi ya sauti, mwaka 2023, kwanza Amerika Kaskazini. Ilianza na Kiingereza, baadaye Kihispania na Kireno. Tusi la Kiswahili kwenye mifumo ya namna hii linategemea binadamu kuripoti.

---

kifungu_kwa_kifungu

Upande wa sheria, nitaje zinazohusika moja kwa moja.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, kama ilivyotungwa, kifungu cha 17 kinahusu kutengeneza na kusambaza maudhui ya kibaguzi, na kifungu cha 18 kinahusu kumtukana mtu kwa misingi ya rangi, asili, utaifa, kabila au dini. Jinsia na ulemavu havimo kwenye 18. Kwa dada anayetishwa au kuandamwa, na kwa mwenye ualbino, nendeni na kifungu cha 23, ambacho kinagusa ujumbe unaotumwa kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumtesa mtu kihisia. Kwa ulemavu ongezeni Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya 2010. Ibara ya 13 ya Katiba inakataza ubaguzi, lakini msianze nayo kituoni, anzeni na kosa.

Ushahidi wa kielektroniki unapokelewa mahakamani kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kifungu cha 18. Kinachotazamwa ni jinsi data ilivyotengenezwa na kutunzwa, kama imechezewa, na kama mtumaji anatambulika. Ndiyo maana nakubaliana na Skrini_Nzima kuhusu kutokata kingo. Simu iliyopokea ujumbe iacheni na ujumbe wake, msiifute wala kuirudisha kiwandani.

Utaratibu: aliyetukanwa mwenyewe anakwenda kituo cha polisi, anatoa maelezo, anapewa RB (namba ya taarifa ya polisi), na shauri linaweza kupelekwa kitengo cha makosa ya mtandao. Admin anakwenda kama shahidi. Mtoto akihusika, Dawati la Jinsia na Watoto lipo vituoni, na namba 116 ni ya bure kwa masuala ya watoto.

Sasa ukweli wa mambo. Aliyetukana kwa namba ya +255 kwenye WhatsApp anafikika, maana laini zimesajiliwa kwa alama za vidole na kitambulisho cha NIDA. Aliyetukana kwenye Discord akiwa Dar anafikika kwa shida zaidi. Aliyetukana kutoka nchi nyingine ndani ya mechi ya dakika 25, kwa njia ya polisi utazeeka. Huyo mripoti kwenye gemu tu, umnyamazishe, uendelee.

Jambo la mwisho na msilipuuze: msibandike jina, picha au namba ya mtukanaji kwenye grupu ili "ajulikane". Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilianza kutumika Mei 2023, na hilo la kumwandama mtu linaweza kuwageukia ninyi kwa kifungu kilekile cha 23.

---

Golikipa_wa_Lobi

Nashukuru sana wakuu, nimeanza kuandika. Bado mawili: dada wanaotolewa kwenye skwadi, hapo hakuna tusi lililoandikwa, unaripoti nini? Na adhabu, hasa wanaorudi na akaunti mpya.

---

Dada_Skwadi

Kutolewa kwa sababu ya sauti hakuripotiki kwenye gemu, kwa sababu kiongozi wa skwadi ana haki ya kumtoa yeyote. Lakini kwenye sava yenu nyinyi ndio mnaotunga sheria. Tungeni hivi: anayemtoa mtu aliyepangiwa skwadi kupitia Discord aandike sababu kwenye chaneli ya mechi ndani ya dakika 10. Orodha ya sababu iwe fupi: intaneti mbovu, hajibu, amevunja makubaliano ya mechi. Mwisho wa wiki mods wahesabu nani ametolewa na nani ametoa. Ubaguzi wa namna hii hauonekani kwenye tukio moja. Unaonekana kwenye hesabu, kiongozi yuleyule, wanaotolewa ni walewale.

Msiwaambie dada "usifungue maiki". Hiyo ni kumwadhibu aliyeonewa. Fanyeni maiki isiwe kipimo kwa yeyote: skwadi zipangwe kwa bahati nasibu, orodha itumie UID na kiwango cha mchezaji, na maelekezo ya vita yapitie alama za ndani ya gemu, zile za kuonyesha adui na mahali pa kwenda. Hili linawasaidia pia viziwi, na wenye lafudhi za bara wanaochekwa kila wakifungua mdomo, ambao hakuna aliyewataja humu.

Kwenye chaneli za sauti Discord inakuruhusu kuondoa ruhusa ya kuzungumza kwa wageni, wakabaki wasikilizaji mpaka wapate rolu. Na awepo modereta mmoja wa kike mwenye mamlaka kamili ya kubani. Si wa kupokea malalamiko halafu ayapeleke kwa kaka.

Mwingine akianza kumwandama dada inboksi, ndani ya WhatsApp atumie Report kabla ya kumblok na kufuta mazungumzo. WhatsApp hupokea ujumbe 5 wa mwisho kutoka kwa mtu huyo. Akifuta kwanza, hakuna cha kupokelewa.

---

Mratibu_Mechi

Adhabu ziandikwe kabla ya kosa, zifanane kwa rafiki na kwa mgeni. Mfano unaofanya kazi kwa shindano la kila mwezi: kosa la kwanza kufungwa mdomo siku 1, la pili wiki 1 na kupoteza mechi inayofuata kwa 3-0, la tatu nje ya mashindano kwa miezi 3. Menyu ya Discord yenyewe ina siku 1 na wiki 1, kwa hiyo modereta hahitaji kukumbuka kuondoa. Vichekesho vya viungo vya watu wenye ualbino, vitisho vya kumpiga mtu, na kusambaza picha binafsi, hivyo havina ngazi. Nje moja kwa moja.

Rufaa iwepo, saa 48, isikilizwe na modereta ambaye hakutoa adhabu. Bila hiyo mtaambiwa mnabebana, na mara nyingi itakuwa kweli.

Wanaorudi: pandisheni kiwango cha uhakiki cha sava. Kiwango cha juu kabisa kinataka namba ya simu iliyothibitishwa, na namba moja haitumiki kwenye akaunti mbili kwa pamoja. Mtu anaweza kuazima laini ya shangazi, sawa, ila mashangazi nao wana idadi.

Kinachouma zaidi ni mashindano. Fungeni usajili kwa vitu viwili, UID ya gemu na namba iliyolipa kiingilio. Aliyefungiwa akija na akaunti mpya atakwama kwenye namba, au zawadi ikitumwa jina la usajili litamuumbua. Hapa hapa kuna hatari. Ukituma pesa kwa simu, jina kamili la mtu linatokea, na kwa jina watu wanasoma dini, kabila na asili. Admin anayebandika skrinshoti ya muamala kwenye grupu kuthibitisha kwamba "mshindi kalipwa" anawapa watukanaji chakula. Funika jina, acha kiasi, tarehe na namba ya muamala. Daftari la namba lishikwe na watu wawili tu, na lifutwe msimu ukiisha.

Kuhusu mshiriki mwenye ualbino, tusi si tatizo lake pekee. Wengi wana uoni hafifu, na macho yanasumbuliwa na mwanga mkali. Kwenye fainali mpeni haki ya kusogeza kiti karibu na skrini, msimweke akitazamana na dirisha, na kwenye eFootball aruhusiwe kuchagua rangi ya jezi kwanza na kurekebisha kamera. Jezi nyeupe dhidi ya njano isiyoiva, hata mwenye macho mazima anapasia adui. Andikeni kama kanuni kwa kila mwenye uoni hafifu, asilazimike kuomba mbele ya watu.

---

mods_wa_zamu

Nyongeza mbili za haraka. Mkivamiwa na kundi la akaunti mpya kwa wakati mmoja, msianze kubani mmoja mmoja. Sitisha mialiko kwanza, Discord ina kitufe cha kusimamisha uingiaji, kisha weka uandishi wa polepole kwenye chaneli zilizo wazi, halafu ndipo usafishe. Mkirusha mechi Twitch, kuna Shield Mode tangu mwishoni mwa 2022, inawasha vizuizi vya chati mlivyovipanga kwa kubonyeza mara moja. Iandaeni kabla ya siku ya mechi.

Na hiyo rejeksi, mkuu, usiijaribu kwa akaunti yako ya admin. AutoMod haimgusi mwenye mamlaka ya kusimamia sava, utaandika matusi yote yapite, udhani imeharibika. Tumia akaunti ya kawaida kwenye chaneli ya siri, na ukiibandika kutoka kwenye simu hakikisha kibodi haijageuza ile deshi fupi kuwa ndefu.

---

Golikipa_wa_Lobi

Ndicho kilichokuwa kinanitokea, nilikuwa najaribu kwa akaunti ya admin. Nimefungua ya pili, imekamata ny4ni, imeruhusu "n ya nini". Mtani_Halali, chaneli ya kijiweni imefunguliwa, karibu uanze na Utopolo.